Mkuu Asiye na Kwao

Mkuu wa Mfuko wa Maendeleo wa Dunia angeweza kutoka nchi yoyote, hata iliyo maskini kuliko zote, ila kwa sharti moja: asiwe na upande. Kabla ya kuapishwa, madaktari walikuwa wakimfutia kumbukumbu zote za kwao.

Nakijwa, mhandisi wa maji kutoka Same, alipochaguliwa, mumewe Mbonea alimsihi akatae.

"Nikikataa, watamweka mtu asiyejua ukame ni nini," Nakijwa alisema. "Nitawasahau ninyi, Baba Namsifu, lakini shida ya maji siwezi kuisahau."

Akaenda. Baada ya muda Mfuko ukasimamisha mradi wa maji wa Same. Mbonea aliomba kusikilizwa mpaka akakubaliwa, akaenda na binti yao kwenye ofisi ya wilaya kuzungumza na Mkuu kwa skrini.

Nakijwa alitokea akiwa amekonda. Bila kumkatiza, alimsikiliza Mbonea akisimulia mifugo iliyokufa, visima vilivyokauka, watu waliohama.

"Poleni sana, mzee wangu," akasema. "Lakini wilaya yenu imebaki na watu wachache mno. Maji lazima yaende kwenye watu wengi."

Namsifu akasogea mbele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti. Unaitwa nani?"

"Namsifu."

"Jina zuri," Nakijwa akasema kwa upole, kisha akauliza kama kuna mwingine mwenye swali.