Bi Zamda Anapimwa Masikio

Vyungu vitatu vya Bi Zamda vilikuwa vimerudishwa na wateja kwa kuwa na ufa. Alipovigonga kabla ya kuuza, hakuusikia ufa huo katika mlio wake.

Sasa, kwa mpima masikio, aliambiwa ainue kidole kila asikiapo mlio wa mashine; naye akakiinua kila mara, asikie asisikie, kwa adabu tu. Mpimaji akajaribu kutopiga mlio wowote. Kidole kikainuka.

"Mama, hapo hapakuwa na mlio. Mashine huchagua mlio unaofuata kutokana na jibu lako. Ukiidanganya, inapotea njia."

Bi Zamda akacheka kwa aibu. "Kumbe ni kama mimi na chungu! Nagonga hapa, chenyewe kinaniambia nigonge wapi tena."

"Ndivyo hasa, mama."

Wakaanza upya. Milio ilizidi kufifia, mpaka ukaja mmoja mwembamba kama unywele. Bi Zamda akafumba macho. Kidole kilitulia gotini, kikangoja, kisha kikainuka.