Jicho la Mlima

Marehemu aliposti tena, saa kumi na mbili kamili asubuhi.

Simu ya Alen ilitikisika kando ya mto wa kulalia. Hakuwa na haja ya kuitazama, lakini aliitazama. Picha ilikuwa ileile: Dula anacheka, mtoto begani, soko la Lushoto nyuma yake. Kwenye kona ya chini, jicho la buluu. Neno hata moja hakuna. Hiyo ilikuwa asubuhi ya arobaini na tatu.

Jicho lile lilikuwa la Alen. Ukurasa wake uliitwa Jicho la Mlima, wenye wafuasi elfu kumi na tisa, kuanzia Magamba hadi Mombo. Barabara ikifungwa na maporomoko, ng'ombe akipotea, watu walifungua Jicho kabla ya kufungua mlango. Kila picha aliyopiga, programu iliibandika nembo papo hapo. Jicho lilichapwa hata mgongoni mwa jaketi lake la mvua, na akipita sokoni alipenda kusikia watu wakinong'onezana kwamba huyo ndiye. Sifa ni tamu, tusidanganyane.

Dula naye alipenda kupigwa picha. Siku ile alimgeuza mtoto atazame kamera, akacheka meno yote nje.

"Nirushie na mimi, kaka," alisema. "Mama aione."

Alen akamrushia.

Dula alipoondoka, mwanamke mmoja muuza karoti alimvuta Alen pembeni, akamwambia yule mtoto amelia njia nzima, hawezi kuwa wa yule mwanamume. Alen hakuuliza mara ya pili. Aliiposti picha ileile, na juu yake akaandika: "Jihadharini. Mtu huyu anaiba watoto." Baada ya dakika arobaini alipata habari kwamba mtoto ni wa dada yake Dula, na kwamba walikuwa wanatoka kliniki. Akafuta mbio mbio. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Dula alikuwa ameshaanguka njiani, mawe yamemzunguka. Alifariki siku ya pili, wakamzika kwao Mgwashi.

Waliorusha mawe walikamatwa. Alen hakuna aliyemuuliza kitu. Alijiambia yamekwisha, akaendelea kuposti bei za viazi. Ndipo alfajiri moja akaunti ya Dula ilipoamka.

Alimzuia mtandaoni. Ikawa afadhali ya jana, maana sasa aliamka saa kumi na mbili bila simu kutikisika, akabaki kujiuliza kama picha imetoka. Akamfungulia tena. Aliogopa, alikonda, suruali zikaanza kumvuka.

"Kuna mtu kwao Dula anakuita," alisema mkewe Angel, aliyeyajua yote. "Nenda ukaombe msamaha, la sivyo utatufia humu ndani."

Alikwenda kwa bodaboda kupitia Soni na Bumbuli, mvua ikimchapa njia nzima. Alipokaribia Mgwashi alivua jaketi, akaligeuza, ndani ikawa nje, akalivaa tena.

Mama yake Dula, Mwanaidi, alikuwa jikoni akichochea moto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita, unatetemeka."

Hakumuuliza ni nani. Mgeni mwenye baridi hupewa moto kwanza, jina litafuata. Alimmiminia chai ya mchaichai. Juu ya mkeka Alen aliiona simu, kioo kimepasuka, na Dula anacheka ndani ya ufa.

"Mama," alisema, "hiyo simu anaitumia nani?"

"Mimi. Maandishi siyajui, ila jirani yangu Maryam alinionyesha pa kubonyeza. Kila asubuhi nikitoka kuswali, nabonyeza."

Alen aliweka kikombe chini. "Kwa nini, mama?"

"Lete hilo jaketi likauke," alisema Mwanaidi.

Kabla hajakataa, mama alishamvua. Akalikung'uta, akaligeuza upande wake, akainua mikono kulitundika juu ya moto. Jicho la buluu likamkodolea. Mwanaidi akasimama pale pale. Aliichukua simu, akaitazama picha. Akalitazama tena jaketi.

"Kumbe ni wewe," alisema taratibu.

Mlango ulikuwa wazi nyuma ya Alen, lakini hakutoka. Alipiga magoti.

"Niliambiwa jicho hili ni alama ya aliyempiga picha, nikajua ukiiona mara nyingi utakuja," alisema Mwanaidi. "Ndiyo maana sikuchoka kuirusha."

"Mama, nisamehe."

"Nikusamehe nini?" Alimshika mikono yote miwili, akamwinua, machozi yakimtoka. "Walimfananisha mwanangu, ndivyo nilivyoambiwa, na hao nimemwachia Mungu. Wewe ndiye uliyemkuta akiwa na furaha. Picha yake nyingine sina, mwanangu. Sina kabisa."

Alijifuta uso kwa pindo la kanga. Akavuta kigoda hadi mlangoni penye mwanga, akaketi, akaweka sawa mtandio wake, akacheka meno yote nje.

"Nipige na mimi moja kama ile," alisema. "Na jicho lako usisahau kuliweka."