Mashine Ikifunguka

Kompyuta iliitema disketi tena, kama mtoto mgonjwa anavyotema uji. Goreth aliifuta kwa pindo la kitenge, akairudisha tunduni. Mashine ikakoroma, kisha ikaandika kwa Kiingereza kwamba haiwezi kuendelea, wala haiwezi kurudi ilikotoka.

"Inasemaje?" Bwana Abednego, mkuu wa ofisi, aliuliza kutoka mlangoni.

"Inasema tuanze upya."

Amri ilitoka makao makuu, Dar es Salaam: kompyuta zote za shirika ziwekewe mfumo mpya kabla ya mwisho wa mwezi, bila kukosa. Ofisi ya Mpanda ilitunza majina ya wakimbizi waliotoka Burundi, wakapoteana na ndugu zao njiani. Mpaka hapo kila ofisi ilikaa na majina yake. Mfumo mpya ungeziunganisha kwa simu, na anayemtafuta mtu Kigoma angemwona aliyeko Mpanda. Hakuna aliyemuuliza Goreth kama ule wa zamani ulikuwa na kasoro. Disketi zilishuka na treni ndani ya bahasha, bila fundi.

Tangu Jumatatu mashine ilikuwa imejifunga. Umeme ukikatika katikati, kazi yote inarudi mwanzo. Na umeme wa Mpanda ulikuwa unakatika unavyojisikia.

Nje ya dirisha, kwenye benchi, alikaa Salvatori, mwanaume wa makamo, mpole, asiyependa maneno mengi. Alikuja kwa baiskeli kutoka makazi ya wakimbizi ya Katumba, alikoandikishwa mwaka juzi alipovuka mpaka. Anafika ofisi haijafunguliwa, anaondoka mlinzi akifunga geti. Wenzake wa foleni walikata tamaa wakarudi mashambani. Tumbaku haisubiri mtu. Yeye alirudi kila siku.

Siku ya kwanza aliingia akavua kofia. "Dada, nina shida na jina. Jina la kwenye hiyo mashine."

"Kaka yangu, hata nikitaka, siwezi kugusa jina hata moja. Mpaka imalize."

"Hata moja?"

"Hata la kwangu mwenyewe."

Aligeuka akawatazama watu waliojipanga nyuma yake, akameza alichotaka kusema. "Basi nitasubiri."

Goreth aliyajua macho yale. Yeye alizaliwa Katumba. Mama yake alikimbia Burundi mwaka sabini na mbili, akaachana na mdogo wake mtoni wakivuka, na mpaka anaingia kaburini, kila mgeni akitokea barabarani mama alisimama amtazame sura. Leo dawa ya maradhi yale ilikuwa mezani pa Goreth, nayo imekwama kwenye mstari wa buluu usiosogea.

Jumatano mstari ulikaribia mwisho. Umeme ukaenda. Goreth alilaza kichwa mezani akalia kwa hasira, analilia kitu ambacho hata huwezi kukipiga kofi. Alipoinuka, Salvatori alikuwa amesimama dirishani.

"Ikimaliza, majina yatafika mbali?"

"Kila mahali, kaka. Kigoma, Kasulu, mpaka Ngara."

"Yote?"

"Yote. Usiwe na wasiwasi, lako halitasahaulika."

Alirudi kwenye benchi. Goreth alimpelekea muhindi wa kuchoma. Jioni aliukuta palepale, haujaguswa.

Alhamisi asubuhi alimfuata Bwana Abednego kuomba ufunguo wa jenereta.

"Yale mafuta ni ya wageni wa Dar," alisema mkuu.

"Mzee, kuna mtu pale nje anamsubiri ndugu yake."

"Wapo wengi wanaosubiri ndugu zao."

"Huyu ndiye amebaki."

Abednego alichungulia dirishani. Akamtazama yule mtu aliyejikunja kwenye benchi, mikono katikati ya magoti. Akavuta droo, akatoa ufunguo.

Jenereta liliunguruma, na mstari ukaanza kutambaa. Adhuhuri kioo kilifunguka kwa rangi ngeni, kila kitu kimehamishwa kutoka mahali pake. Katikati palikuwa na swali: majina yatumwe? Jibu la kubonyeza lilikuwa moja tu, ndiyo. Goreth alibonyeza.

Hakumwita Salvatori. Alitaka amwite akiwa na kitu cha kumpa. Aliandika jina lake, akangoja, roho mkononi. Kioo kikajaa maandishi. Goreth alisoma mara mbili, akanyakua simu, akaongea kwa kelele na ofisi ya Kigoma, akacheka, akalia, akatoka mbio nje.

"Kaka Salvatori! Imefunguka!"

Alisimama upesi. "Imefunguka? Sasa naweza kusema lile la jina?"

"Huna haja ya kusema kitu! Kuna mtu Kigoma anakutafuta tangu mwaka jana. Jina lako, la baba yako, mpaka kilima mlichotoka, vyote anavijua. Wameshamwambia uko Katumba. Wanasema hakungoja hata kuaga, ametoka mbio kuwahi treni!"

Salvatori alirudi kukaa, polepole, kama mtu anayetafuta benchi gizani.

"Dada," alisema, "siku zote hizi nilikuwa nasubiri unifute humo, asinipate."