Mnyama wa Uvunguni

Bi Mishi alijisifu kwamba Ngamiani nzima hakuna mwenye kifua cha kutunza siri kama yeye, na majirani wote aliowasimulia habari za mnyama aliye uvunguni mwa kitanda chake walikubali.

Kwenye gemu za simu za wajukuu zake, Kundi la Siri la Utafiti lilitisha. Lakini Kundi halisi la hapa mtaani liliunda mnyama muuaji anayeiga sauti za watu, akatoroka, likaunda mkubwa zaidi wa kumsaka, naye akatoroka.

Asubuhi moja alikuja kwake Shemdoe, mtafiti wa Kundi hilo, koti jeusi limekatika kifungo.

"Shikamoo, bibi. Tunamtafuta mnyama wetu. Tukimpata, tunamuua."

"Marahaba, mwanangu. Mbona kila siku mnapoteza nyie? Mimi sijaona hata paka. Kaa unywe uji, umekonda."

Shemdoe akakaa. Bi Mishi akamshonea kifungo, maana alimhurumia kweli.

"Unaishi na nani, bibi?"

"Peke yangu, tangu mume wangu afariki."

Kutoka chumbani, chini ya kitanda, sauti ileile ya marehemu ikaita kwa upole, "Mishi, na mimi niletee uji."