Fizikia Imepangiwa Machi

Fizikia ilipangiwa Machi, kwa kuwa Februari ilikuwa imeshatekwa na kemia. Biolojia yote, tangu ukungu hadi nyangumi, ingemalizwa kabla ya Krismasi. Mungu aliumba ulimwengu kwa siku sita. Télesphore, baba mwenye huruma, alimpa bintiye majira mazima ya baridi kuuelewa.

Bango la mpango huo lilifunika televisheni yote sebuleni kwao, ghorofani katika mtaa wa Flemingdon Park, Kanada. Télesphore alilibandika mwenyewe asubuhi moja alipotoka zamu ya usiku kiwandani, kisha akalala usingizi wa mtu aliyetimiza wajibu.

Ariane, mwenye miaka kumi na miwili, aliondolewa shule wakati wa likizo ya kiangazi. Kosa lilikuwa la mwalimu wake wa darasa la sita, aliyewapa watoto siki na magadi watengeneze volkano. Wakacheka.

"Wakacheka!" Télesphore alimlalamikia mkewe, Libérata. "Sayansi ni vichekesho? Mtoto huyu atasomea nyumbani. Akifika miaka kumi na mitano, awe chuo kikuu."

"Mtoto anahitaji wenzake, Baba Ariane."

"Wenzake ni vitabu."

Libérata akarudi jikoni, na Télesphore akalihesabu hilo kuwa ushindi wake.

Walikubaliana jambo moja tu: mchana, baba akiwa amelala, Ariane asomee maktaba. Kila asubuhi binti aliondoka na begi na chakula chake. Kila alasiri alirudi na njaa, pua ikichuruzika kwa baridi, uso umejaa furaha. Télesphore aliamka, akaiona furaha ile, akalishukuru bango.

Mwezi Novemba akamwalika mzee Madatali, aliyefundisha kemia Mwanza kabla ya kuhamia mji jirani wa Markham. Aje aukague mpango, yaani ausifu.

"Leo huendi maktaba," Télesphore alimwambia bintiye.

"Leo?" Ariane alimtazama mama yake. "Lakini Baba, leo tuna..."

"Una nini?"

"Sina kitu, Baba."

Libérata alikuwa akikanda unga wa maandazi kana kwamba umemkosea.

Mzee Madatali alilisoma bango taratibu. Akavua miwani, akaifuta, akalisoma tena.

"Bwana Télesphore, hapa umeweka nadharia ya kwanta, wiki ya Pasaka?"

"Jumatatu ya Pasaka ilikuwa na nafasi, mzee."

Mgeni akakohoa, akamgeukia mtoto. "Hebu nieleze, binti. Tunajuaje kwamba jani linahitaji mwanga?"

Ariane alichangamka. "Tulifunika jani kwa karatasi nyeusi. Baadaye tukalichemsha, tukalidondoshea iodini. Palipofunikwa hapakugeuka bluu!"

"Maktaba za siku hizi zina iodini?"

"Hii ni Kanada, mzee," Télesphore akadakia. "Zina kila kitu."

Madatali alimuuliza la pili, na la tatu. Ariane akajibu yote, mikono ikichora hewani. Mwishowe mzee akatikisa kichwa. "Nimefundisha maisha yangu yote. Mtoto huyu amefundishwa vizuri sana."

Télesphore akatoa leso. Yeye mwenyewe aliiachia fizikia njiani, vita vilipofunga shule yao Bujumbura; hadi leo hakujua ule mlinganyo uliobaki ubaoni uliishia wapi. Akajifanya anapenga kamasi.

Simu ya Libérata ikaanza kutetemeka mezani. Mikono yake ilikuwa imejaa unga.

"Iache," alisema haraka. "Iache tu, Baba Ariane."

Lakini Télesphore alikuwa ameshasoma jina kwenye kioo: Maktaba.

"Unaona, mzee? Hajaenda leo tu, wameshaanza kumtafuta!" Akaweka spika, ili mgeni naye asikie.

Sauti ya mashine, yenye adabu zote, ikasema kwa Kiingereza: "Ujumbe huu ni kwa mzazi wa Ariane, mwanafunzi wa darasa la saba. Mtoto wako hakufika shuleni leo. Ili kueleza sababu, bonyeza moja."