Filamu ya Baba

Sheria ilitaka kila filamu ijibadilishe yenyewe ili imfurahishe anayeitazama. Ambakisye, mkurugenzi wa kampuni kubwa ya filamu, alihangaika miaka mitatu kutengeneza filamu ya baba yake, aliyefukiwa na kifusi mgodini Chunya. Ilipokamilika, akampelekea mama yake.

Mama alipomaliza kuitazama, uso ulimng'aa.

"Ahsante, mwanangu. Kumbe alitoka salama!"

"Hakutoka, mama. Tulimzika."

Mama akacheka tu, akaingia jikoni. Ambakisye akawapigia mafundi wake kwa hasira.

"Mwonyesheni ile niliyoitengeneza mimi!"

"Haiwezekani, bosi. Sheria hairuhusu kumhuzunisha mtazamaji."

Alipogeuka, mama alikuwa ameshapakua ugali kwenye sahani tatu.

"Kaa, mwanangu. Tumsubiri kidogo."