Mshale wa Juu

Anifa alibonyeza kitufe cha mshale wa juu, na kompyuta ikamletea amri ambayo hakuiandika yeye.

Kazi ya kitufe hicho ni kurudisha amri zilizotangulia, mtu asihangaike kuzichapa upya. Sasa Anifa alikuwa ameandika mbili tu, zote mbovu, na kichwa kikawa kitupu. Alitaka kurekebisha moja, kidole kikapitiliza kwa woga. Akabonyeza tena, ikaja nyingine. Mtihani mzima ulikuwa humo.

Akajua ni wa nani. Aliyetoka kwenye kiti kile ni Telesphory wa Kidahwe, kinara wa darasa. Mwalimu Wilfred alikuwa amenakili kazi yake na kufuta mipangilio ya ruta, kile kifaa cha kuunganisha mitandao, kabla ya kumwita anayefuata, lakini kumbukumbu ya amri hakuigusa.

Mungu wangu, nifanye nini?

Alikuwa anarudia mwaka. Akishindwa tena, chuo hakimtaki. Ni kurudi Katonga akaanike dagaa na mama yake. Dagaa si aibu, wamemlea hao. Lakini mama alishalitangazia soko zima kwamba binti yake anakuwa fundi wa mitandao.

"Muda unakwisha, Anifa," alisema mwalimu kutoka dirishani.

Basi akarudi nyuma kwa mshale hadi amri ya kwanza. Enta. Ya pili. Enta. Macho hayakuwa yanasoma tena, vidole tu ndivyo vilivyofanya kazi. Kitu kimoja kilimshangaza: amri zilikuwa za mkato. Badala ya "configure terminal", ilikuja "conf t". Telesphory huyu huyu anayeandika kila neno mpaka mwisho! Kumbe naye akibanwa anakata, aliwaza.

Maana mwenye sifa ya mkato darasani alikuwa Anifa. "Amri iandike nzima, kama salamu," mwalimu alikuwa akimfokea. "Mtu akiniambia 'shika' akanyamaza, mimi nishike nini?" Darasa lilikuwa likivunjika mbavu. Telesphory naye alicheka, ila ndiye aliyekuwa akibaki baada ya vipindi kumwelekeza. "Wewe na huo mshale wako wa juu," alimtania. "Iko siku utakuponza."

Na leo umemponza kweli. Akapiga ping, amri ya kujaribu mawasiliano. Alama tano za mshangao zikajipanga kwenye kioo: ruta mbili zimesikilizana.

"Hongera!" mwalimu alisema. Anifa alitoka bila kumtazama usoni.

Asubuhi ile kabla ya mtihani, mlangoni, mwalimu alikuwa amewapa masharti. "Simu mezani. Kila mtu ajenge anwani zake za mtandao kwa namba yake ya mtihani. Muda ukiisha, nasahihisha nitakachokikuta kwenye ruta. Na umeme ukikatika, sitaki kelele."

"Wewe namba ngapi vile?" Telesphory alimuuliza kwenye foleni.

"Kumi na saba. Si nakufuata wewe? Telesphory, mimi leo nafeli. Nitamwambia nini mama?"

Telesphory akaitwa ndani. Yeye ambaye siku zote humaliza wa kwanza, safari hii mwalimu alilazimika kumgusa bega ainuke. Alipita mbele ya Anifa shati limelowa mgongoni. "Nenda. Usiogope," alisema, akashika njia.

Matokeo yalipotoka, Anifa alikuwa amefaulu.

Telesphory alikuwa amefeli.

Weee! Chuo kizima kilishika mdomo. Kampuni moja mjini ilikuwa imeshamwahidi kazi, ilikuwa inasubiri cheti tu. Kazi ikaenda.

Kule Katonga wanawake walipiga vigelegele, na kila kigelegele kilimchoma Anifa. Mama alimkaangia samaki, migebuka, yeye akaishia kuichokoa miiba. Aliona yote waziwazi: mwalimu amekuta kazi mbili zinazofanana, akatafuta mwizi, akamkamata asiye mwizi.

Siku ya pili yake alimkuta Telesphory kwenye kituo cha Mwanga, begi mgongoni, anasubiri gari la kurudi kwao.

"Hongera, Anifa."

"Telesphory, mimi..."

"Mama amefurahi?"

"Amefurahi."

"Basi," alisema, akatabasamu, akapanda gari.

Lile tabasamu ndilo lililomkosesha usingizi. Angemtukana angalau! Kulipokucha alioga, akavaa, akapanda mpaka chuoni. Potelea mbali cheti. Mwizi ni yeye, na atasema mwenyewe.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Karibu."

"Mwalimu, nimekuja kwa habari ya Telesphory. Asiadhibiwe yeye, kwa sababu mimi..."

"Na wewe pia?" Mwalimu Wilfred alivua miwani, akajifuta uso. Alionekana mtu mwenye msiba. "Nusu ya darasa wameshakuja kumwombea. Hakuna aliyemwadhibu, mwanangu. Kazi yake nimeirudia na kuirudia nikitafuta pa kumwokoa. Ni safi! Kilichomwangusha ni namba tu. Yeye ni kumi na sita. Anwani zote, toka ya kwanza hadi ya mwisho, kazijenga kwa kumi na saba. Sijui alikuwa anawaza nini yule kijana."

Anifa alishika ukingo wa meza. Kumi na saba ni yake yeye; na ule mkato pia.

"Haya, kaa kwanza," mwalimu alisema, akimsogezea kiti. "Ulikuwa unataka kuniambia nini?"